Kuzuia uchakachuaji wa sampuli ya mkojo kazini

Uchakachuaji wa sampuli ya mkojo ni tendo la kubadilisha, kuzimua au kutia kitu kingine katika mkojo uliotolewa kwa ajili ya kupima dawa za kulevya, ili matokeo yasionyeshe ukweli. Kuzuia uchakachuaji ni jumla ya taratibu zinazofuatwa tangu mfanyakazi anapoitwa hadi matokeo yanapotolewa, ili mkojo unaopimwa uwe kweli ni wa mtu huyo na uwe katika hali ileile aliyoutoa.

Taratibu hizo zina malengo mawili yenye uzito sawa. La kwanza ni kumzuia anayetumia dawa za kulevya asifiche jambo hilo huku akiendesha mtambo au kushughulika na baruti. La pili ni kumlinda asiyetumia asipoteze ajira kwa sababu ya kopo lililobadilishwa, jina lililokosewa au dalili iliyosomwa vibaya.

Nchini Tanzania suala hili linagusa hasa sekta ya madini, na kwa namna ya pekee mikoa ya Shinyanga na Geita, kusini mwa Ziwa Viktoria.

## Mazingira ya eneo la migodi

Mkoa wa Geita, ulioanzishwa mwaka 2012, una Mgodi wa Dhahabu wa Geita unaomilikiwa na kampuni ya AngloGold Ashanti, ambao ulianza uzalishaji mwaka 2000. Katika mkoa wa Shinyanga, mgodi wa chini ya ardhi wa Bulyanhulu, ulio katika Halmashauri ya Msalala, ulianza uzalishaji mwaka 2001. Mgodi wa Buzwagi, karibu na mji wa Kahama, ulifanya kazi kuanzia mwaka 2009 hadi 2021. Almasi huchimbwa Mwadui, wilayani Kishapu, tangu mwaka 1940. Kandokando ya migodi hiyo wapo maelfu ya wachimbaji wadogo wanaofanya kazi katika maduara na kwenye makarasha.

Kazi ya mgodi haivumilii makosa. Lori la kubeba mawe katika mgodi wa wazi linaweza kuchukua tani 100 au zaidi, na dereva wake haoni vizuri kilicho karibu na magurudumu. Chini ya ardhi, njia ni nyembamba na watu hupishana na mitambo gizani. Kosa la mtu mmoja aliyelewa linaweza kuua wenzake ambao hawakujua lolote.

Pombe hupimwa kwa pumzi, kwa kutumia kifaa kinachotoa jibu papo hapo. Dawa za kulevya kama bangi, heroini, kokeini na methamfetamini hazipimwi kwa njia hiyo, na ndiyo maana mkojo hutumika. Mkojo ni rahisi kupatikana, hauhitaji sindano, na mabaki ya dawa huonekana ndani yake kwa siku kadhaa. Kwa mtu anayevuta bangi mara kwa mara, mabaki hayo yanaweza kuonekana hata kwa wiki kadhaa.

## Aina za udanganyifu

Udanganyifu katika sampuli hugawanywa katika makundi makuu manne:

* Kuzimua: mkojo hufanywa kuwa mwepesi kupita kiasi, ama kwa kunywa maji mengi kabla ya kupimwa au kwa kuongeza maji ndani ya kopo.
* Kubadilisha: mtu hutoa mkojo wa mtu mwingine, au kimiminika kinachofanana na mkojo.
* Kutia kemikali: kitu kingine huongezwa ili kuharibu kipimo au kuvunja mabaki ya dawa.
* Udanganyifu wa watendaji: mchukua sampuli, mlinzi au msafirishaji hubadilisha kopo, karatasi au matokeo, kwa rushwa au kwa kinyongo.

Kundi la nne husahaulika mara nyingi, kwa sababu taratibu nyingi huandikwa kana kwamba anayeshukiwa ni mfanyakazi peke yake. Utaratibu mzuri humbana kila anayegusa sampuli.

## Historia

Upimaji wa mkojo kazini kwa kiwango kikubwa ulianzia Marekani. Tarehe 26 Mei 1981 ndege ilianguka juu ya meli ya kivita USS Nimitz na kuua watu 14. Uchunguzi ulionyesha dalili za matumizi ya bangi miongoni mwa baadhi ya mabaharia waliofariki, na jeshi la nchi hiyo likaongeza upimaji. Mwaka 1986 Rais Ronald Reagan alitoa amri iliyoagiza mahali pa kazi pa serikali kuu pasiwe na dawa za kulevya. Tarehe 4 Januari 1987 treni ziligongana huko Chase, jimbo la Maryland, watu 16 wakafa; dereva wa mojawapo alikuwa amevuta bangi. Mwongozo wa kwanza wa serikali kuu kuhusu namna ya kuchukua na kupima mkojo ulitolewa mwaka 1988, na sheria ya kuwapima wafanyakazi wa usafirishaji ikapitishwa mwaka 1991.

Upimaji ulipoenea, biashara ya bidhaa za kudanganyia vipimo nayo ikakua. Kwa sababu hiyo, kuanzia mwaka 2008 Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ililazimisha kila sampuli ihakikiwe kwanza kama ni mkojo halisi usiochezewa. Kanuni za wizara hiyo, pamoja na viwango vya Australia na New Zealand na miongozo ya Ulaya, zimekuwa mfano kwa kampuni nyingi za kimataifa, zikiwemo za madini. Mwaka 1996 Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilitoa mwongozo wa kushughulikia pombe na dawa za kulevya kazini. Mwongozo huo unasisitiza kwamba tatizo hilo litazamwe kwanza kama suala la afya.

## Maandalizi ya chumba

Sehemu kubwa ya uchakachuaji huzuiwa kabla mtu hajaingia chooni. Chumba cha kutolea sampuli huandaliwa hivi:

* Maji ya bomba ndani ya choo hufungwa, au bomba hufunikwa na kuwekwa lakiri.
* Maji ya bakuli la choo na ya tangi hutiwa rangi ya buluu, ili yakichotwa na kuongezwa kwenye kopo yaonekane.
* Sabuni, dawa za kusafishia choo, ndoo na kopo la kutawazia huondolewa, kisha maji ya kunawa na kutawaza hutolewa baada ya sampuli kukabidhiwa.
* Dari, madirisha, pipa la taka na nyuma ya tangi hukaguliwa kabla na baada ya kila mtu.
* Mlango huwa mmoja, na anayeingia huwa mtu mmoja kwa wakati.

Jambo la maji lina uzito wake mahali ambapo watu wengi hutawaza kwa maji. Kumnyima mtu maji bila maelezo huonekana kama dharau. Kumweleza sababu, na kumwonyesha mahali maji yalipo nje ya mlango, huondoa mgogoro usio wa lazima.

Muda wa taarifa nao ni kinga. Mtu anayejua siku tatu mapema kwamba atapimwa ana nafasi ya kujiandaa kudanganya. Upimaji wa kushtukiza, ambamo majina huchaguliwa kwa bahati nasibu, hupunguza nafasi hiyo. Hata hivyo, uteuzi huo ni lazima uwe wa bahati nasibu kweli. Msimamizi akiruhusiwa kuchagua majina mwenyewe, upimaji hugeuka kuwa fimbo ya kuwachapia asiowapenda.

## Hatua za kuchukua sampuli

Utaratibu wa kawaida una hatua zifuatazo:

1. Mfanyakazi huonyesha kitambulisho chenye picha, na mchukua sampuli hujitambulisha pia.
2. Utaratibu huelezwa kwa lugha anayoielewa, na fomu ya ridhaa husomwa kabla ya kutiwa sahihi.
3. Koti, kofia, begi na mavazi ya juu ya kazi huachwa nje. Vitu vya mifukoni huonyeshwa, na mwenyewe hubaki na pochi yake.
4. Mfanyakazi hunawa mikono na kuikausha mbele ya mchukua sampuli, kisha hachezi tena na maji.
5. Huchagua mwenyewe kopo lililofungwa kiwandani na kulifungua mwenyewe.
6. Huingia chooni peke yake, hutoa mkojo bila kuvuta maji, na kulikabidhi kopo mara tu anapotoka.
7. Joto la mkojo husomwa ndani ya dakika 4. Kiasi, rangi na harufu pia huangaliwa.
8. Mkojo hugawanywa katika chupa mbili, A na B, mbele ya mwenyewe. Kanuni za usafirishaji za Marekani hutaka angalau mililita 45, yaani 30 kwa chupa A na 15 kwa chupa B.
9. Chupa hufungwa kwa utepe wa lakiri wenye namba, na mfanyakazi huweka herufi za jina lake juu ya utepe huo.
10. Pande zote mbili husaini fomu, na mfanyakazi hupewa nakala.

Tangu kopo linapotoka chooni hadi lakiri inapobandikwa, halipaswi kutoka machoni mwa mfanyakazi wala mwa mchukua sampuli. Kanuni hii moja huwalinda wote wawili.

Anayeshindwa kutoa mkojo wa kutosha hahesabiwi papo hapo kuwa amekataa. Kanuni za Marekani humpa hadi saa 3, na huruhusiwa kunywa maji yasiyozidi takriban lita 1.2 katika muda huo. Akishindwa bado, daktari huchunguza kama kuna sababu ya kiafya.

## Uhakiki wa mkojo

Mkojo una sifa za asili ambazo ni vigumu kuziigiza zote kwa pamoja. Vipimo vinavyotumika zaidi ni hivi:

* Joto: mkojo uliotoka mwilini muda huohuo huwa kati ya sentigredi 32 na 38.
* Kreatinini: ni taka inayotokana na misuli. Ikiwa chini ya miligramu 20 kwa desilita, pamoja na msongamano ulio chini ya 1.0030, mkojo huhesabiwa umezimuliwa. Ikiwa chini ya miligramu 2, na msongamano nao hauwezi kuwa wa mkojo wa binadamu, sampuli huhesabiwa imebadilishwa.
* Msongamano: ni uzito wa mkojo ukilinganishwa na wa maji yenye ujazo sawa.
* Asidi (pH): chini ya 4, au kuanzia 11 kwenda juu, huonyesha kwamba kemikali imetiwa.
* Nitriti na vioksidishaji vingine: kiwango kikubwa huonyesha jaribio la kuvunja mabaki ya dawa.

Matokeo ya uhakiki hayana maana moja. Mkojo uliozimuliwa si ushahidi wa udanganyifu. Mtu anayefanya kazi juani Kishapu au Kahama huhimizwa kunywa maji mengi ili asipatwe na madhara ya joto, na mkojo wake unaweza kuwa mwepesi kwa sababu ametii maelekezo ya usalama. Hatua sahihi ni kuchukua sampuli nyingine, ikiwezekana ile ya mwanzo wa zamu kabla ya kunywa maji mengi.

Viwango vyenyewe viliwahi kusahihishwa. Hapo awali Marekani ilihesabu kreatinini ya miligramu 5 au pungufu, pamoja na msongamano usio wa kawaida, kuwa ni mkojo uliobadilishwa. Ilipobainika kwamba watu wachache wenye afya njema wanaweza kufika kiwango hicho bila kudanganya, mwaka 2003 kikomo kilishushwa hadi chini ya miligramu 2.

Joto la mazingira nalo huathiri usomaji. Katika eneo ambalo mchana hufika sentigredi 30 hivi, kopo hupoa polepole kuliko katika nchi za baridi. Kwa hiyo joto la kawaida peke yake halithibitishi kwamba mkojo ni mbichi, na kibanda cha bati kilichopigwa na jua si mahali pazuri pa kupokelea sampuli.

## Dalili zinazoweza kupotosha

Mchukua sampuli asiyejua maradhi na dawa za eneo anaweza kumshuku mtu bure. Mifano inayofahamika ni hii:

* Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huufanya mkojo uwe na rangi ya machungwa au nyekundu. Wachimbaji ni kundi lililo katika hatari kubwa ya kifua kikuu, hasa kwa sababu ya vumbi la mawe. Dawa hiyo pia inaweza kuingilia baadhi ya vipimo vya jamii ya afyuni.
* Kichocho cha kibofu, kinachopatikana Shinyanga na maeneo jirani, husababisha damu katika mkojo.
* Efavirenzi, dawa ya kupunguza makali ya VVU iliyotumika sana Tanzania kabla ya kuenea kwa dolutegraviri, imewahi kutoa majibu chanya ya uongo katika baadhi ya vipimo vya haraka vya bangi.
* Kodeini, iliyomo katika baadhi ya dawa za maumivu na kikohozi, hubadilika mwilini kuwa mofini.

Kwa sababu hiyo, jibu la kipimo cha haraka huhesabiwa kuwa la awali tu. Jibu la mwisho hutokana na maabara inayotumia kromatografia pamoja na spektrometria ya tungamo, njia inayotambua kemikali yenyewe badala ya kitu kinachofanana nayo. Baada ya hapo daktari huzungumza na mfanyakazi faraghani kuhusu dawa alizotumia, na mwajiri hapewi orodha ya dawa hizo. Mfanyakazi anayelazimika kutaja dawa zake mbele ya msimamizi anaweza kujikuta ametangaza hali yake ya VVU. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda usiri wa hali hiyo na kukataza ubaguzi.

## Kutazamwa moja kwa moja

Njia kali zaidi ya kuzuia uchakachuaji ni mtu kutazamwa mkojo unapotoka mwilini. Katika michezo ni jambo la kawaida: wanariadha wa Kenya na Tanzania wanaopimwa chini ya kanuni za Shirika la Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli Duniani (WADA) hutoa mkojo mbele ya mtazamaji wa jinsia yao. Kazini, njia hii huachiwa hali maalumu, kwa mfano sampuli ya kwanza ikiwa nje ya kiwango cha joto, ikiwa na rangi ya buluu, au mtu akikutwa na kifaa cha kudanganyia. Mtazamaji ni lazima awe wa jinsia moja na anayepimwa, na sababu huandikwa kwenye fomu.

Katika jamii nyingi za Kanda ya Ziwa, mtu mzima kutazamwa akijisaidia ni aibu kubwa, na zaidi pale mtazamaji anapokuwa kijana anayeweza kuwa mwanawe. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inalinda faragha ya mtu. Utaratibu unaotumia njia hii kwa kila mfanyakazi kila siku huvunja imani, na hauongezi usalama kwa kiasi kinacholingana na aibu yake.

## Mnyororo wa utunzaji

Sampuli safi hupoteza thamani ikiwa haijulikani ilikuwa mikononi mwa nani. Fomu ya mnyororo wa utunzaji huonyesha kila aliyeipokea, tarehe, saa, sababu na hali ya lakiri. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilieleza kanuni hii katika kesi ya Paulo Maduka na wenzake wanne dhidi ya Jamhuri (Rufaa ya Jinai Na. 110 ya 2007). Ilitaka pawepo kumbukumbu za mfululizo zinazoonyesha kielelezo kilivyokamatwa, kilivyotunzwa, kilivyohamishwa na kilivyochunguzwa. Kesi hiyo haikuhusu mkojo, lakini hoja yake inafaa hasa kwa kitu ambacho ni rahisi kubadilishwa.

Umbali huongeza hatari. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza. Kwa miaka mingi, mzigo uliotoka Geita kwenda Mwanza kwa njia ya Sengerema ulisubiri kivuko kati ya Busisi na Kigongo, hadi daraja lilipofunguliwa Juni 2025. Sampuli inayosafiri mbali huwekwa katika sanduku la baridi lililofungwa kwa lakiri, na chupa B hubaki imehifadhiwa kwenye ubaridi mkali ili ipimwe upya mfanyakazi akipinga matokeo.

## Sheria nchini Tanzania

Matumizi ya dawa za kulevya yanakatazwa na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015. Afya na usalama wa wafanyakazi husimamiwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 kupitia wakala wa OSHA. Taarifa za afya ni taarifa binafsi nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023.

Kuhusu ajira, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri athibitishe kwamba alikuwa na sababu halali na kwamba alifuata utaratibu wa haki. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinataja kukosa uaminifu kulikokithiri, na kuhatarisha usalama wa wengine kwa makusudi, miongoni mwa makosa makubwa yanayoweza kuhalalisha kuachishwa kazi. Kuchakachua sampuli huweza kuangukia katika kosa la kwanza, hata kama haijathibitika kwamba mtu alitumia dawa. Kwa kuwa uzito wake ni huo, tuhuma hiyo huhitaji ushahidi wake yenyewe na kikao cha nidhamu ambamo mfanyakazi anasikilizwa.

Anayeona ameachishwa isivyo haki anaweza kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30. Nakala ya fomu, namba ya lakiri na kumbukumbu za joto ndizo nyaraka zinazoangaliwa kwanza. Mtendaji anayepokea fedha ili kubadilisha matokeo hukabiliwa na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007.

## Mipaka na njia mbadala

Mkojo huonyesha kwamba dawa ilipita mwilini, lakini hauonyeshi kwamba mtu amelewa wakati huo. Aliyevuta bangi mapumzikoni anaweza kupatikana nayo siku kadhaa baadaye akiwa timamu, wakati aliyevuta nusu saa kabla ya zamu anaweza asionekane bado. Mirungi huleta ugumu mwingine, kwa kuwa si kila kipimo cha haraka cha amfetamini kinaweza kuonyesha kathinoni iliyomo ndani yake.

Njia mojawapo mbadala ni kipimo cha mate. Mate huchukuliwa mbele ya macho bila kumvua mtu nguo, kwa hiyo ni vigumu kuyachakachua, nayo huonyesha matumizi ya karibuni zaidi. Marekani iliidhinisha mate kwa wafanyakazi wa usafirishaji mwaka 2023. Kasoro yake ni kwamba muda wa kugundua dawa ni mfupi.

Njia nyingine ni kupunguza sababu ya kudanganya. Mfanyakazi anayejua kwamba akijitokeza mwenyewe atapelekwa kwenye matibabu ana sababu ndogo ya kuficha. Tiba ya methadoni kwa waraibu wa heroini ilianza katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2011 na baadaye ikafika mikoa mingine, ikiwemo Mwanza. Vyama vya wafanyakazi wa migodini, kama NUMET na TAMICO, vinaweza kujadiliana na waajiri ili nafasi hiyo iandikwe katika mikataba ya hali bora.

Kwa wachimbaji wadogo, upimaji wa mkojo kwa kawaida haupo. Hakuna chumba, fomu wala maabara, na anayeshuka duarani hutegemea macho ya wenzake. Huko kinga inayopatikana ni msimamizi wa duara kumzuia aliyelewa asishike kamba, asiwashe baruti na asikae kwenye karasha.